Kiyoyozi Kilichogoma Jumatatu na Alhamisi

Jina la Bisibisi alilipata akiwa na miaka kumi na mmoja, siku alipoifungua saa ya ukutani ya ofisi ya mwalimu mkuu ili aone dakika zinatengenezewa wapi. Mwalimu mkuu alimkuta sakafuni amezungukwa na vigurudumu na springi, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo, hana habari na dunia. Hakumchapa. Alifunga mlango, akaketi kitini, akakunja mikono.

"Hutoki humu mpaka saa yangu itembee."

Wenzake walikwenda kula wakarudi, wakaja kuchungulia dirishani na kuita "Bisibisi! Bisibisi!" mpaka wakafukuzwa. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama saa iliposema tik-tik. Mwalimu aliitazama, akamtazama mtoto, akatamka neno moja: "Nenda." Lile jina likamganda kama kupe. Leo ana miaka arobaini na miwili na mabinti wawili, na wateja wanaolijua jina alilopewa na wazazi wake hawafiki watano.

Ufundi wa viyoyozi hakuuanzia chuoni. Aliuanzia kwenye ndoo. Alikuwa mfanya usafi katika jengo la ofisi ambako kiyoyozi kimoja kilimdondoshea mhasibu matone utosini kwa miezi minne. Kila asubuhi kazi yake ilikuwa kumwaga ndoo, kuirudisha pale pale, na kumpa mhasibu pole. Siku moja alichoka kutumwa na ndoo. Alilifuata bomba jembamba la kutolea maji mpaka nje ya dirisha, akaona limeziba kwa ute mweusi, akaweka mdomo, akapuliza kwa nguvu zake zote. Kilichotoka upande wa pili anakijua yeye na ukuta, lakini mhasibu alikauka tangu siku ile. Fundi mkuu wa jengo aliposikia alicheka, kisha akaacha kucheka, akamwambia aweke ufagio chini amfuate. Ikawa miaka mitatu ya kubeba ngazi na kuosha vichujio, miwili ya chuo cha jioni, halafu mtihani ambao alikuwa mwanamke pekee chumbani na wa pili kwa alama. Wa kwanza, mpaka leo anasema, aliibia.

Mumewe ni mwoka mikate. "Wewe unauza baridi, mimi nauza moto," humtania, "watoto wetu wakiwa vuguvugu tusimlaumu mtu." Kwao wenyewe hakuna kiyoyozi, maana kinyozi hajinyoi. Ipo feni ya mezani ambayo hukohoa mara tatu kabla ya kukubali kuzunguka, na kila mwisho wa wiki Bisibisi huapa kwamba wiki ijayo ataifungua.

Basi msimu wa joto ulipoanza kuuma, asubuhi moja anakunywa chai, simu ikalia.

"Bado unaitwa Bisibisi?"

Sauti ile haikuhitaji kujitambulisha. Alikuwa amekaa, akajikuta amesimama, kikombe mkononi, visigino vimebanana.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nasikia siku hizi unafungua vitu vya watu kwa ruhusa. Njoo kwangu. Nina kiyoyozi mtoro."

Mwalimu alikuwa amestaafu miaka mingi, akiishi peke yake ghorofa ya pili ya jengo la ghorofa tatu. Shule alikuwa ameiacha, lakini ualimu haukumwacha yeye: alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wapangaji, na pale mlangoni mwa jengo palibandikwa kanuni kumi na mbili kwa mwandiko wake mnyoofu. Bisibisi alizisoma akipandisha pumzi, maana mkoba wa vifaa si mwepesi. Ya tatu ilihusu viatu kwenye ngazi. Ya saba ilisema: *Ni marufuku kuanika nguo kwenye roshani. Jengo si kamba.* Alifuta viatu vyake mara mbili kabla ya kubisha hodi.

Mlango ulichelewa kufunguliwa. Ndani kulisikika miguu ikienda na kurudi haraka haraka, kabati likafungwa, kisha Mwalimu akatokea, mdogo kuliko alivyomkumbuka, mgongo wima kama rula.

"Umenenepa," alisema. "Vizuri. Ingia."

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Kiyoyozi kilikuwa kinaamka vizuri asubuhi, kinapuliza baridi safi, halafu ghafla baridi inakata, unabaki upepo mtupu kama mtu anayepiga mluzi wa uvivu. Mwalimu alikuwa ameshaita mafundi wanne. Wa kwanza alibadilisha kapasita, kile kidude cha kuamshia mota. Wa pili aliongeza gesi, akasifu gesi, akaondoka. Wa tatu alisema tatizo ni rimoti. Wa nne alikitazama kwa huruma, akasema hiki kimezeeka, kizikwe. Na mbele ya kila mmoja wao, kiyoyozi kilifanya kazi kama malaika.

"Kama mtoto anayeumwa tumbo asubuhi ya mtihani," alisema Mwalimu. "Daktari akifika, amepona."

Bisibisi alianza na mambo madogo, maana viyoyozi vingi havifi, vinasongwa tu. Vichujio alivikuta visafi kuliko sahani za kwao. Mwalimu alikuwa akiviosha kila wiki na kuvikausha kivulini. Betri za rimoti zilikuwa mpya. Bomba la maji lilikuwa wazi. Alitia kipimajoto kwenye mdomo wa mashine: baridi safi kabisa. Akaketi akisubiri kiyoyozi kikosee. Saa moja. Mbili. Mwalimu naye aliketi akimsubiri yeye akosee. Hakuna aliyekosea.

Akatoka roshani kuiangalia mashine ya nje, ile inayovuta joto la chumbani na kulitupa. Roshani ilikuwa tupu, imefagiwa, sakafu ina unyevunyevu. Mashine ilizunguka bila manung'uniko. Kwenye mapezi yake membamba ya nyuma zilinasa nyuzinyuzi za rangi ya waridi. Bisibisi alizisugua kwa brashi, na kwa kuwa alikuwa amekaa saa mbili bila kusema lolote la maana, akaona aseme lolote.

"Kuna nyuzi za nguo hapa, Mwalimu. Labda zinadondoka kutoka juu."

Mwalimu alinyanyua macho polepole kuelekea ghorofa ya tatu.

"Juu anakaa fundi cherehani," alisema. "Sasa nimeelewa."

Bisibisi akalipuuza lile neno, akaaga, akaenda zake.

Alhamisi kiyoyozi kikagoma tena. Mwalimu hakupiga simu kulalamika. Alipiga kumwarifu kwamba kamati itakaa Jumamosi kuamua kama cherehani ziruhusiwe humo jengoni, na kwamba yeye, Bisibisi, atakuwa shahidi. Alipokwenda siku ile ile mchana kutazama tena mashine, ambayo kama kawaida ilikuwa imeshapona, alikutana na mtu kwenye ngazi: mrefu, mwembamba, futi ya kupimia shingoni, sauti ya chini kama anayeongea msibani.

"Samahani, dada. Wewe ndiye fundi wa kiyoyozi?"

"Ndiye mimi, kaka."

"Umesema nyuzi ni zangu?"

"Nilisema labda."

"Labda yako inanihamisha." Akamwonyesha fungu alilobeba. "Mimi nashona sare za shule. Bluu na nyeupe, bluu na nyeupe, mwaka mzima. Nikiota ndoto, naota kwa bluu na nyeupe. Nyuzi zako zilikuwa rangi gani?"

Bisibisi alizikumbuka zile nyuzi. Zilikuwa za waridi.

Jioni hiyo Bisibisi alikaa mbele ya sahani bila kula. Mumewe alimtazama akigeuza kijiko.

"Mama watoto, leo umeunguza nini?"

"Mtu," alisema, akamweleza yote.

Mwoka mikate alisukuma sahani yake kando. "Mkate ukikataa kuumuka siupigii kelele," alisema. "Naangalia ulilala wapi, saa ngapi, na nani alifungua mlango."

Kwa mara ya kwanza tangu waoane, ushauri wa mkate ulimwingia. Ijumaa asubuhi alirudi kwa Mwalimu, hakufungua hata mkoba.

"Mwalimu, kinapogoma, huwa unaandika?"

Lilikuwa swali la kumuudhi. Mwalimu alikwenda kabatini akaleta daftari. Lilikuwa limepigwa mistari kama rejista ya mahudhurio: siku, tarehe, saa, na safu ya maoni. *Jumatatu, saa nne na robo: kimegoma. Jumanne: kimehudhuria. Alhamisi, saa nne kasoro: kimegoma. Tabia: mbaya.* Bisibisi alishusha kidole ukurasa mzima, akageuza, akashusha tena. Wiki sita. Jumatatu na Alhamisi, Jumatatu na Alhamisi. Wiki moja tu kiligoma Jumanne, kwa kuwa, maoni yalisema, Jumatatu ilinyesha.

Mashine haijui Jumatatu. Mtu ndiye anayeijua.

"Mwalimu, Jumatatu na Alhamisi huwa unafanya nini asubuhi?"

"Nafanya mambo yangu."

"Mambo gani?"

"Bisibisi, nimekuita utengeneze kiyoyozi, sikukuita uandike historia ya maisha yangu." Alisimama, akanyoosha kitambaa cha meza kilichokuwa kimenyooka. "Hiki kitu kimekosa adabu tu. Hata mwaka jana wakati wa baridi, nilipokuwa nakiwasha kinipe joto, joto ndani nilipata, lakini huko nje hakikukausha hata ki—"

Akajishika mdomo.

Bisibisi alijizuia asitabasamu. Wakati wa baridi mashine ile hugeuza kazi: joto huliingiza ndani, na nje hupuliza baridi. Wakati wa joto hupuliza nje hewa ya moto, kavu, isiyo na mwenyewe. Mtu angeijua tofauti ile kwa njia moja tu.

"Hakikukausha nini, Mwalimu?"

Mwalimu alitoka chumbani kwa hatua zake za paredi, akarudi na kapu. Juu kabisa lilikaa taulo la rangi ya waridi. Chini yake shuka mbili, na chini ya shuka magagulo matatu, mapana kama mapazia ya ukumbini, yote mabichi.

"Jana ulikuja kabla hayajakauka, na leo nilikuwa karibu kuyatandaza tena ulipobisha," alisema bila kumtazama.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila safari hii walikuwa wamesema kweli tupu. Mwalimu alikuwa akitandika nguo mbichi juu ya mashine ya nje, mbele na nyuma, chini ya ukingo wa roshani ili wapita njia wasione. Mashine ikifunikwa haipumui. Ikikosa pumzi inachemka. Ikichemka inajizima kujiokoa, na ndani unabaki upepo wa mluzi. Halafu fundi anabisha hodi, nguo zinakimbizwa kabatini, mashine inapoa, na malaika anarudi kazini.

"Kwa nini hukuwaambia mafundi?"

"Niwaambie?" Mwalimu aligeuka, macho yamemtoka. "Wanaume wanne, wageni, waje wasimame mbele ya magagulo yangu?"

Methali ilimjia Bisibisi ulimini, ile ya mficha uchi. Lakini aliyemfundisha methali hiyo ndiye huyu aliyesimama mbele yake, akaimeza.

Mwalimu aliketi, na mgongo wake kwa mara ya kwanza ukagusa kiti. "Kamba za uani ziling'olewa walipopanua maegesho ya magari," alisema. "Watu wakaanza kuanika kwenye roshani, maji yakawa yanawadondokea wapitao. Nikaandika kanuni. Nilipomaliza kuibandika, nikapanda juu, nikafua, nikasimama na kapu mkononi kama mjinga. Na ile mashine inapuliza hewa ya moto bure, siku nzima. Miaka thelathini na moja nimefundisha watoto wasipoteze kitu."

"Tujaribu tuone," alisema Bisibisi kwa upole. "Tusiwe na labda nyingine."

Wakatandaza kapu lote, magagulo yakiwa mbele. Mwalimu alishika daftari na kusimama mbele ya kiyoyozi, mkono ameunyanyua kwenye upepo. Bisibisi alikaa roshani akisikiliza. Mashine ilianza kuhema, ikapandisha sauti, ikalalamika, ikatulia kimya.

"Kimegoma!" Mwalimu aliita kutoka ndani, na katika sauti yake kulikuwa na kitu kinachofanana na shangwe. "Saa nne na dakika ishirini na tatu!"

Wakaondoa nguo, wakanywa chai. Chai ilipoisha, baridi ikarudi. Mwalimu akaandika na hilo pia, akalipigia mstari. Kisha akaweka kalamu.

"Kesho utasemaje?"

"Nitasema nyuzi si za fundi cherehani. Na nitamwomba radhi, maana labda ile ilikuwa yangu."

"Na wakikuuliza ni za nani?"

"Nitasema wamuulize Mwalimu."

Mwalimu alimtazama kwa muda mrefu, vile vile alivyomtazama siku ya saa. "Nenda," alisema.

Jumamosi wapangaji kumi na wawili walikusanyika ukumbini chini, pale pale mlangoni mwa jengo, kwenye viti vya plastiki. Mwalimu alikaa mbele, kanuni zikiwa ukutani nyuma ya kichwa chake. Fundi cherehani alikaa pembeni kabisa, futi yake ameikunja mkononi kama mtu anayesubiri kupimwa kaburi. Bisibisi alipoitwa alisimama na kusema kwamba mashine ni nzima, haikuhitaji kapasita, gesi wala mazishi, ilikuwa inafunikwa. Akamgeukia fundi cherehani. "Na nilisema labda bila kuchunguza. Nisamehe, kaka. Nyuzi hazikuwa zako."

"Inafunikwa na nini?" aliuliza muuza viatu wa ghorofa ya chini, mtu asiyependa kuachwa gizani.

Bisibisi alifungua mdomo. Kiti cha mbele kilisukumwa nyuma.

"Na magagulo yangu," alisema Mwalimu.

Kimya kilichofuata kingeweza kuanikwa. Mwalimu alisimama wima, akageuka, akaionyesha kanuni ya saba kwa kidole. "Niliyeandika hii ndiye niliyeivunja, mara mbili kwa wiki, kwa wiki sita za msimu huu. Nikataka mtu mwingine ahukumiwe kwa kosa langu. Fundi, nimekukosea."

Halafu muuza viatu akakohoa. "Basi na mimi niseme," alisema. "Sisi tunaanika bafuni. Ukuta umeota ukungu, unaweza kuulisha mbuzi." Mama mwenye mapacha akasema yeye hubeba kapu mpaka kwa dada yake mtaa wa pili, na dada amechoka. Mtu mmoja alikiri kwamba soksi zake hukaukia juu ya taa. Kumbe jengo zima lilikuwa likijificha na nguo zake mbichi, kila mtu akidhani mwenzake ana siri ya kukausha.

Kufika saa sita walikuwa wamekubaliana: paa ni tambarare, lina ufunguo, na ufunguo anao Mwalimu. Kamba sita zitafungwa juu. Fundi cherehani alijitolea kushona mifuko ya vibanio, bluu na nyeupe. Wakati watu wanatawanyika alimsogelea Mwalimu, akainama kidogo na kusema kwa ile sauti yake ya msibani, "Yale magagulo, Mwalimu, kama yanahitaji lastiki mpya, mimi niko hapo juu tu."

Mwalimu alimkazia macho. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Bisibisi, aliyemjua tangu utotoni, akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona shuleni: Mwalimu mkuu akicheka mpaka anatafuta ukuta wa kujishikiza.

Miezi ikapita, joto likashuka, asubuhi zikaanza kung'ata vidole. Siku moja Bisibisi yuko juu ya ngazi kwenye chumba cha daktari wa meno, simu ikatetemeka mfukoni.

"Kiyoyozi kinaungua," alisema Mwalimu. "Kinatoa moshi mweupe huko nje, na ndani joto limekata. Nina ndoo ya maji mkononi."

"Weka ndoo chini, Mwalimu! Si moshi, ni mvuke. Ukikiwasha kitoe joto, mashine ya nje inapata baridi mpaka inaota barafu. Sasa inaiyeyusha. Subiri dakika kumi."

"Mvuke."

"Mvuke, Mwalimu."

"Barafu, maji, mvuke. Hali tatu za maji. Nimelifundisha somo hilo kabla hujazaliwa."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nitasubiri. Usikate simu."

Bisibisi hakukata. Alibana simu kati ya sikio na bega, akaendelea kufungua skrubu, akimsikiliza Mwalimu akitangaza dakika moja moja. Ya saba mvuke ulipungua. Ya tisa joto likarudi.

"Kimehudhuria," alisema Mwalimu, akakata bila kuaga.

Bisibisi alishuka ngazi akicheka peke yake. Daktari wa meno, aliyekuwa amejifunga shali mbili juu ya koti jeupe, alimuuliza kama kiyoyozi chake kitapona au ndiyo basi. Bisibisi aliifungua rimoti mgongoni. Betri zilikuwa mpya kabisa, ila moja imewekwa kichwa chini miguu juu. Aliigeuza, akabonyeza, na hewa ya uvuguvugu ikawashukia wote wawili.